Nani aliruka kwanza kwa ndege yenye injini? Ader, Langley, Wright na Santos-Dumont kwenye mizani moja

Mbrazili ukimwambia kwamba ndege ya kwanza ilirushwa na akina Wright, ndugu wawili wa Marekani, jiandae kwa mjadala mrefu. Kwake yeye baba wa usafiri wa anga ni Alberto Santos-Dumont, aliyepaa Paris mwaka 1906 mbele ya umati. Mmarekani atamjibu kwa ufukwe wa Kitty Hawk na tarehe 17 Desemba 1903. Mfaransa naye anaweza kuwaambia wote wawili kwamba wamechelewa, maana Clément Ader alishaachana na ardhi mwaka 1890. Na ukifika jimbo la Connecticut utakuta wana sheria kabisa, ya mwaka 2013, inayompa heshima hiyo fundi aliyeitwa Gustave Whitehead kwa safari ya mwaka 1901.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayelazimika kuchagua jina moja: mwalimu anayeandaa somo, mtunga maswali ya chemshabongo, au aliyechoka kushindwa na wenye sauti kubwa kijiweni. Msimamo wangu nautoa mapema. Nawachagua akina Wright, lakini mwaka ninaoutegemea zaidi ni 1905 kuliko ule wa 1903 unaojulikana na kila mtu. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia ni wakati gani ungekuwa na haki ya kuchagua mwingine.

Kwanza tukubaliane kuruka ni nini

Kuku akifukuzwa huruka ua. Miguu inaachana na ardhi, mabawa yanapiga, anatua upande wa pili. Hata hivyo hakuna anayemweka kundi moja na mwewe. Ugomvi mzima wa nani alikuwa wa kwanza ni ugomvi wa kuku na mwewe: wapo waliofanikiwa kuruka ua, na wapo waliojifunza kukaa juu, kupinda, kushuka na kupanda watakavyo.

Mimi nawapima wote kwa maswali manne. Je, chombo kiliinuka kwa nguvu ya injini yake, bila kusaidiwa na mteremko? Je, kiliendelea kujibeba hewani, au mwendo wa mwanzo ulipoisha nacho kikashuka? Je, mtu aliyekuwa ndani alikitawala, au alikuwa abiria tu? Na nani aliona? Swali la tatu ndilo wengi hulipita haraka, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Injini yenye nguvu ya kutosha inaweza kuinua hata mlango wa nyumba. Kazi ni kuuzuia mlango huo usipinduke.

Ader: sentimita 20 juu ya nyasi

Clément Ader alikuwa mhandisi kutoka Muret, karibu na Toulouse. Ndege yake, Éole, ilikuwa na mabawa ya popo na injini ya mvuke ya nguvu farasi 20 hivi. Tarehe 9 Oktoba 1890, katika viwanja vya kasri la Armainvilliers, iliinuka na kwenda kama mita 50. Kimo chake kilikuwa sentimita 20 hivi. Nyasi za kiwanja ambacho hakijafyekwa mwezi mzima zinazidi hapo.

Simdharau. Kwa swali la kwanza Ader anapata alama: uwanja ulikuwa tambarare na nguvu ilitoka kwenye injini yake. Ila hakuwa na njia ya maana ya kuisawazisha ndege ikishakuwa juu, na walioshuhudia walikuwa watu wake wa kazi.

Kinachomharibia ni yaliyofuata. Jeshi la Ufaransa lilimpa fedha atengeneze ndege kubwa zaidi, Avion III, yenye injini mbili za mvuke na rafadha (au pangaboi, kama wengi wanavyoiita) mbili. Ilijaribiwa Satory, karibu na Versailles, tarehe 12 na 14 Oktoba 1897, mbele ya kamati ya kijeshi. Siku ya pili upepo uliisukuma nje ya njia yake, ikavunjika, na jeshi likafunga mfuko. Mwaka 1906, dunia ilipoanza kumshangilia Santos-Dumont, Ader akajitokeza na kusema siku ile aliruka mita 300. Ripoti ya kamati ilipotolewa hadharani mwaka 1910, haikuwa na safari ya namna hiyo.

Hata hivyo ametuachia neno. Wafaransa waliichukua ‘avion’ kutoka kwake, na leo Waswahili wa Lubumbashi au Bujumbura wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa wanamtaja bila kujua kila wanapokwenda kupokea mgeni uwanjani. Ndege yenyewe, hiyo Avion III, bado imetundikwa kwenye makumbusho ya Arts et Métiers jijini Paris, na ni nzuri ajabu kuitazama.

Maxim, kwa kifupi

Hiram Maxim simweki kwenye kinyang’anyiro, lakini kumruka kungekuwa dhambi. Ni yuleyule wa bunduki ya Maxim, bombomu iliyotumika kuvunja majeshi mengi ya Afrika. Lugard, kapteni Mwingereza, alikuwa nayo Mengo, Uganda, mwaka 1892. Miaka miwili baada ya Mengo, tarehe 31 Julai 1894, Maxim alikuwa Bexley, Uingereza, akijaribu dubwana la tani tatu na nusu lenye injini mbili za mvuke, kila moja nguvu farasi 180. Lilikimbia juu ya reli, na juu yake kulikuwa na reli za ulinzi za kulizuia lisipae sana. Likapaa hivyohivyo, likaivunja reli ya ulinzi, na Maxim akakata mvuke. Alithibitisha kwamba ukiwa na nguvu ya kutosha utainuka. Hakuwa na mpango wowote wa kile ambacho kingefuata baada ya kuinuka.

Langley: fedha, jina na injini bora

Huyu ndiye ninayemwonea huruma. Samuel Langley alikuwa mkuu wa Smithsonian, taasisi ya sayansi na makumbusho mjini Washington, mwanasayansi mwenye heshima zote. Tarehe 6 Mei 1896 ndege yake ndogo isiyo na mtu, yenye injini ya mvuke, iliruka kama kilomita moja juu ya mto Potomac. Novemba mwaka huohuo nyingine ikavuka karibu kilomita moja na nusu. Kabla ya hapo hakuna kitu kizito kuliko hewa kilichokuwa kimekwenda mbali hivyo kwa injini. Kama swali lako halidai mtu awemo ndani, ufute majina mengine yote uandike Langley, 1896, na hakuna atakayekupinga kwa hoja.

Kisha Wizara ya Vita ikampa dola 50,000 ili atengeneze ya kubeba mtu. Msaidizi wake, Charles Manly, alimkamilishia injini ya petroli ya silinda tano, yenye nguvu farasi 52, nyepesi kuliko ilivyodhaniwa inawezekana wakati ule.

Hapa naomba ukae kidogo na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mawazo miaka iliyopita. Ndege ya Langley, pamoja na rubani, ilikuwa na uzito wa kama kilo 340. Ndege ya akina Wright ya mwaka 1903, pamoja na rubani, ilikuwa na uzito karibu uleule. Langley alikuwa na nguvu farasi 52. Wright walikuwa na 12. Kwa uzito uleule, mwenye nguvu zaidi ya mara nne alitumbukia mtoni, na mwenye robo yake akapaa.

Alitumbukia mara mbili. Ndege ilirushwa kwa manati ya springi kutoka juu ya boti, tarehe 7 Oktoba 1903, ikaingia majini papo hapo. Tarehe 8 Desemba ikarushwa tena, ikavunjika hewani, ikaanguka kwenye maji ya baridi kali na Manly nusura azame. Mashahidi hawakukosekana: waandishi wa habari walikuwepo, na walimcheka. Kati ya majaribio hayo mawili gazeti la New York Times lilikadiria kwamba mashine ya kuruka itahitaji miaka milioni moja hadi milioni kumi ya kazi ya wanahisabati na mafundi. Ilibaki miezi miwili na siku chache.

Kosa lilikuwa wapi? Langley alichukua ndege ndogo iliyofaulu akaikuza mara nne hivi, kana kwamba ukitaka jahazi unarefusha ngalawa. Kiunzi hakikuwa na nguvu ya kubeba ukubwa huo. Manly hakuwahi kuruka hata sekunde moja kabla ya siku ile, na hakuwa na njia ya kulisawazisha bawa likilala upande. Chombo chenyewe hakikuwa na miguu wala magurudumu ya kutulia. Kama kingefanikiwa, kingeshuka majini huku rubani akiwa chini yake.

Meza kwa anayetaka kutazama haraka

| | Ader (1890) | Langley (1903) | Wright (1903) | Santos-Dumont (1906) |
|---|---|---|---|---|
| Injini | Mvuke, nguvu farasi 20 hivi | Petroli, 52 | Petroli, 12 | Petroli, 50 |
| Kuondoka | Magurudumu, tambarare | Manati juu ya boti | Reli ya mbao, upepo wa mbele | Magurudumu, tambarare |
| Umbali | Kama mita 50 | Sifuri | Mita 36.5, mwishowe 260 | Mita 60, kisha 220 |
| Utawala wa rubani | Hakuna wa maana | Mdogo mno | Pande zote tatu (juu na chini, kushoto na kulia, kulala upande) | Mdogo, uliongezwa Novemba |
| Mashahidi | Watu wake | Wanahabari | Watu 5 na picha | Umati na maofisa |

Meza haisemi kila kitu. Haisemi, kwa mfano, kwamba safu ya Wright inaendelea miaka miwili mbele na nyingine zinaishia hapo zilipo.

Akina Wright: wauza baiskeli walioanza na usukani

Wilbur na Orville walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio. Sidhani ni bahati tu. Aliyewahi kumfundisha mtoto baiskeli anajua kwamba baiskeli yenyewe haisimami. Anayeisimamisha ni mpandaji, kwa kurekebisha kila nukta. Wenzao wengi walitaka ndege inayojisawazisha yenyewe kama gari la ng’ombe. Hawa wawili walikubali ndege inayotaka kuanguka muda wote, mradi rubani ana uwezo wa kuizuia. Walitazama ndege wa porini wanavyopinda ncha za mabawa, wakatengeneza mabawa yanayopindwa kwa kamba, huku rubani akiwa amelala kifudifudi na kiuno chake kikivuta kamba hizo.

Injini waliiweka mwisho. Mwaka 1900, 1901 na 1902 walikwenda Kitty Hawk, ufukwe wa mchanga na upepo huko North Carolina, na kila mara walikuwa na ndege isiyo na injini. Ile ya 1901 iliwavunja moyo, kwani ilibeba kidogo sana kuliko majedwali ya hesabu yalivyoahidi. Walichofanya ndicho kinachowatofautisha na wenzao: walirudi nyumbani, wakatengeneza sanduku refu la mbao lenye feni, wakapima humo maumbo ya mabawa kama 200, wakaandika majedwali yao wenyewe. Msimu wa 1902 waliruka bila injini kati ya mara 700 na 1,000. Manly aliingia kwenye ndege ya Langley akiwa hajaruka kabisa. Hawa walikuwa marubani kabla ya kuwa na ndege yenye injini.

Rafadha nayo waliifikiria upya. Waliiona kuwa ni bawa linalozunguka, wala haifanyi kazi kama bisibisi inayojichimbia hewani. Wakachonga mbili za mbao, wakaziendesha kwa minyororo kama ya baiskeli, zikizunguka kinyume ili zisiivute ndege upande mmoja. Ndiyo maana nguvu farasi 12, kutoka injini aliyoiunda fundi wao Charlie Taylor kwa wiki sita, zilitosha.

Sasa tufike Desemba 1903. Tarehe 14 walirusha sarafu, Wilbur akashinda. Akaondoka kwenye mteremko, akainua pua kupita kiasi, akaanguka baada ya sekunde tatu na nusu. Alikuwa amekwenda mita 32. Hawakuihesabu! Walisema ilianzia mteremkoni na haikutawaliwa. Linganisha na Ader, aliyekumbuka mita 300 baada ya miaka tisa. Mimi shahidi anayejinyima namwamini haraka kuliko anayejiongezea.

Tarehe 17, baada ya matengenezo, waliweka reli yao ya mita 18 kwenye mchanga tambarare. Saa nne na dakika 35 asubuhi Orville aliondoka, akakaa hewani sekunde 12, akatua mita 36.5 mbele. Piga hesabu: ni kama kilomita 11 kwa saa juu ya ardhi, mwendo ambao mtoto kwa baiskeli anaupita. Wilbur alikimbia pembeni akiwa ameshika ncha ya bawa. Sababu ni upepo mkali wa mbele, zaidi ya kilomita 30 kwa saa, ambao ndege ilikuwa inaupasua. Safari ya nne, ya Wilbur, ilichukua sekunde 59 na mita 260. Kisha upepo ukaipindua ndege ikiwa imeegeshwa, ukamkokota na John Daniels aliyejaribu kuishika. Daniels alikuwa wa kituo cha uokoaji cha pwani, na ndiye aliyebonyeza kamera asubuhi ile, Orville alipoinuka. Ndege hiyo haikuruka tena.

Wabrazili husema: walitumia manati. Kwa mwaka 1903 hilo si kweli. Manati yao, mnara wenye uzito unaodondoshwa ili kuivuta ndege, yalianza Septemba 1904 walipohamia malisho ya ng’ombe ya Huffman Prairie, karibu na Dayton, ambako upepo ni hafifu. Lakini wakisema upepo wa Kitty Hawk uliwasaidia kuondoka, hapo wana hoja. Na wakisema sekunde 12 za kuyumba juu na chini zinakaribia kuwa za kuku, mimi siwabishii sana.

Ndiyo maana nauchukua mwaka 1905. Tarehe 20 Septemba 1904 Wilbur alizunguka duara kamili. Aliyeandika habari hiyo kwa macho yake alikuwa mfuga nyuki, Amos Root, kwenye jarida lake la wafuga nyuki, wakati magazeti makubwa hayakujali. Kisha tarehe 5 Oktoba 1905, kwa ndege yao ya tatu, Wilbur alizunguka malisho yale kwa zaidi ya dakika 39, kilomita kama 39, akashuka kwa sababu mafuta yamekwisha. Kupinda, kulala upande, kunyooka, kutua ndege ikiwa nzima ili iruke tena: maswali yangu matatu ya kwanza yanajibiwa hapo kwa siku moja. Manati yalimsukuma mwanzo, ndiyo, lakini msukumo wa sekunde chache hauwezi kumbeba mtu dakika 39.

Udhaifu wao mkubwa ni swali la nne. Wakihofia kuibiwa, na wakisubiri hataza (hati ya kulinda uvumbuzi wao) iliyotoka Mei 1906, waliacha kuruka kabisa hadi 1908. Ulaya iliwaita waongo, na mtu aliyekuwa Paris mwaka 1906 alikuwa na kila sababu ya kutowaamini. Tarehe 8 Agosti 1908 Wilbur aliruka karibu na Le Mans kwa chini ya dakika mbili, akapinda angani kana kwamba anaendesha baiskeli barabarani. Waliokuwa wanamcheka walinyamaza siku hiyohiyo.

Santos-Dumont: wa kwanza kuonekana

Alberto Santos-Dumont, mtoto wa tajiri wa mashamba ya kahawa, alikuwa kipenzi cha Paris. Mwaka 1901 alishazunguka mnara wa Eiffel kwa puto lenye injini na kushinda tuzo. Ndege yake iliitwa 14-bis kwa sababu mwanzoni aliijaribu ikiwa imening’inizwa chini ya puto lake namba 14; aliwahi pia kuitundika kwenye waya ikivutwa na punda. Ilionekana kama masanduku ya tiara yaliyounganishwa, mkia ukiwa mbele, na rubani alisimama wima ndani ya kikapu.

Tarehe 23 Oktoba 1906, uwanja wa Bagatelle, iliondoka kwa magurudumu yake na kwenda mita 60, kimo cha mita tatu hivi. Tarehe 12 Novemba ikaenda mita 220 kwa sekunde 21.5, nayo ikawa rekodi ya kwanza ya ndege kutambuliwa rasmi. Hakukuwa na reli, mteremko wala siri. Kwa swali la nne hakuna anayemsogelea.

Lakini turudi kwenye usukani. 14-bis ilikwenda mbele moja kwa moja ikashuka. Vibao vya kuisawazisha mabawani aliviongeza Novemba hiyo, akivivuta kwa mabega. Haikuwahi kuzunguka duara, na Aprili 1907 ilivunjika. Aliyezunguka kilomita moja ya kwanza hadharani Ulaya ni Henri Farman, Januari 1908, kwa ndege nyingine. Kinachonifanya nimpende Santos-Dumont ni ndege yake ndogo ya baadaye, Demoiselle, ambayo michoro yake aliiachia watu bure, wakati akina Wright walikuwa mahakamani na kila aliyepinda bawa.

Majina mawili utakayotupiwa

Whitehead, Mjerumani aliyehamia Connecticut, anadaiwa kuruka tarehe 14 Agosti 1901, gazeti la hapo likasimulia. Picha ya ndege ikiwa hewani haipo. Mmoja wa mashahidi waliotajwa na gazeti alisema baadaye kwa kiapo kwamba hakuwepo. Na mtu anayedaiwa kuruka mamia ya mita mwaka 1901 hakuweza kurudia mbele ya watu miaka iliyofuata, ingawa aliendelea kuunda ndege. Mimi simchagui.

Richard Pearse, mkulima wa New Zealand, ana watetezi wanaotaja Machi 1903 na ua wa miiba alioangukia. Hapa kesi inafungwa na mhusika: kwenye barua zake Pearse mwenyewe aliandika kwamba alianza kushughulikia jambo hilo mwaka 1904, na heshima akawapa akina Wright.

Basi uchague yupi?

Mtihani au chemshabongo yenye nafasi ya jibu moja: Wright, 17 Desemba 1903. Ndilo jibu linalosahihishwa, na linatetewa kwa picha na mashahidi.

Mdahalo wa shule: wape upande mmoja Wright na mwingine Santos-Dumont, na uwaache wagombanie maana ya ‘kuondoka kwa nguvu yake’. Mbrazili ana nafasi ya kushinda, hasa msemaji wake akikaa kwenye magurudumu na mashahidi na kukwepa habari ya kupinda. Usiwape Ader; watamaliza dakika tano.

Somo la jinsi utafiti unavyofaulu au kufeli: Langley dhidi ya Wright, na hesabu ile ya nguvu farasi 52 na 12 iandike ubaoni kabla hujasema neno. Ukisoma zaidi kuhusu Langley, soma kwa tahadhari. Mwaka 1914 Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege aliyekuwa na kesi na akina Wright, aliifufua ndege ile ya mtoni, akaibadilisha hapa na pale, akairusha kidogo, na Smithsonian ikatangaza kwamba ilikuwa na uwezo wa kuruka tangu mwanzo. (Novemba mwaka huohuo ndege-boti iliyoundwa na kampuni ya Curtiss ilikuwa inazunguka juu ya delta ya Rufiji kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg; ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu Kitty Hawk.) Orville alikasirika akaipeleka ndege ya 1903 London, na haikurudi hadi 1948, baada ya Smithsonian kuomba radhi. Iliuzwa kwao kwa dola moja, kwa mkataba unaosema wakimtaja mwingine yeyote kuwa alitangulia kuruka kwa injini na usukani, warithi wanaweza kuichukua. Mkataba huo haumpi Whitehead ushahidi alioukosa, lakini unaposoma maandishi ya makumbusho hayo, jua upo.

Na kama nafasi unayo, na wasikilizaji wako wana uvumilivu wa kusikia zaidi ya tarehe moja, wapeleke Huffman Prairie. Wasimulie Wilbur anavyozunguka malisho mara kama thelathini mchana ule wa Oktoba 1905, ng’ombe na wakulima wakiwa ndio watazamaji wake wakubwa, hadi tangi linakauka.